Shati Lililoota Mikono Hewani

Nyumbani kwa mama yangu mdogo hakuna kazi inayofanywa kama wanavyoifanya binadamu wengine. Karoti hukatwa na chombo chenye meno kama ya mamba. Sakafu hupigwa deki kwa fagio linalojikamua lenyewe. Nguo hukunjwa kwa ubao wa plastiki wenye mbawa: unalaza shati kifudifudi, unapiga ubawa wa kushoto, unapiga wa kulia, unainua wa chini, na shati limekuwa mraba kama daftari. Katikati ya mitambo hiyo yote huketi baba mdogo, dereva wa lori mstaafu, kama mgonjwa wa chumba cha mahututi, ila yeye ameshika rimoti.

Mgeni akinyoosha mkono kushika chochote, baba mdogo humkemea: "Usiguse! Hicho bado kinalala."

Kulala ndiyo sheria ya nyumba ile. Mama mdogo ni mtangazaji wa kituo cha televisheni kinachouza bidhaa kutwa nzima. Mnavijua vituo hivyo: umekaa zako huna shida na mtu, mara anatokea mwanamke mchangamfu na kukujulisha kwamba miaka yote umekuwa ukimenya vitunguu kama mshamba. Huyo mwanamke ndiye mama yangu mdogo. Lakini tofauti na wenzake, yeye hauzi kitu mpaka kilale kwake kwanza wiki nzima na kitumiwe na mumewe. "Kitu kikimshinda huyu kukiharibu," husema, "basi hakiharibiki."

Ndivyo ulivyolala mkanda wa kupunguza tumbo. Baba mdogo aliuvaa akitazama mpira. Timu yake ilipofunga bao akataka kuongeza sauti ya televisheni, akabonyeza kifaa kisicho chake, mkanda ukapandisha kasi na kikombe kizima cha chai kikaishia ukutani. Mama mdogo akaenda hewani akasema, "Ndugu zangu, mkanda unatetemesha, sitawaficha. Tumbo la mume wangu lipo palepale, ila ukuta tumeupaka rangi upya." Watu wakanunua kama wamelogwa. Ukaja mto wa kuzuia kukoroma. Akasema, "Mto ni laini ajabu. Mume wangu bado anakoroma, ila sasa anakoroma kwa raha. Nunua kama mto." Ukaisha ghalani.

Watu humwita Dada Namba, kwa sababu ya namba ya simu ya kuagizia. Wenzake waliisoma kama wanaosoma hati ya kesi. Yeye aliitia mahadhi, ikapanda, ikashuka, ikatua. Watoto wameirukia kamba. Baba mdogo anaapa kwamba mkewe huitaja usingizini, na kwamba usiku mmoja yeye mwenyewe aliitikia, "Naagiza mbili."

Studio yao ni ghala lililogawanywa kwa mbao. Upande mmoja maboksi, upande wa pili meza ndefu yenye kitambaa kinachofika sakafuni, na chini ya meza hiyo mlikuwa na mtu. Simaanishi mzimu. Alikuwa mwigizaji wa zamani wa jukwaani, mwenye mvi na sauti ya radi, ambaye enzi zake aliigiza wafalme tu. Maigizo yalipokosa watazamaji, ufalme wake ukahamia chini ya meza, na wenzake wakambandika jina la Mzee wa Mvunguni. Kazi yake ilikuwa kumshika pacha.

Pacha ni hivi. Mtangazaji anatia vitunguu vibichi kwenye sufuria, anafunika, anaongea kidogo, anafunua: vitunguu vimeiva, rangi ya dhahabu. Havikuiva. Sufuria la kwanza limeshuka chini ya meza na pacha wake amepanda. Siku moja nilimwambia mama mdogo kwamba huo ni utapeli mtupu.

"Wewe chuo kikuu umekitoroka," akanijibu bila kuacha kukata karoti, "leo ndiyo umekuja kunifundisha maadili jikoni kwangu? Pacha si uongo. Pacha ni saa. Hakuna mtu atakayekaa kutazama kitunguu kikiiva. Mimi namrukisha mtazamaji muda, basi. Lakini pacha wangu lazima apite njia ileile: sufuria lile lile, moto ule ule, kwa mkono wangu mwenyewe. Akipita njia nyingine, hapo ndipo uniite tapeli, na nitaitika."

Ukibishana na mwanamke aliyeshika chombo chenye meno ya mamba, umejitakia.

Basi mambo yakaanza kwenda mrama. Siku hizi kila mtu ana duka mfukoni. Binti amekaa kitandani kwake, anasogeza kipodozi karibu na kamera ya simu, anapiga ukelele, na umati wa watu usiouona unamtumia mioyo. Watazamaji wa mama mdogo wakabaki wagonjwa, wastaafu, walinzi waliotoka zamu, na wateja wa vinyozi ambao rimoti zao zilishapotea. Chumba cha kupokelea simu, kilichokuwa na kelele kama mnada, kikabaki na mpokea simu mmoja na safu ya viti vilivyofunikwa mifuko. Nusu ya taa za studio zikazimwa kuokoa umeme. Mama aliyekuwa akiandaa mapacha akaachishwa kazi, na tangu hapo mapacha wakawa wanaandaliwa nyumbani kwa mama mdogo, kwa nguo za mumewe na masufuria ya jikoni kwake. Yeye akazidi kuvaa vizuri. Kadiri studio ilivyochakaa ndivyo vilemba vyake vilivyopanda juu.

Bosi wa kituo ni mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja tu: humwamini mtu wa mwisho aliyezungumza naye. Na siku hizo mtu wa mwisho akawa binti yake, aliyerudi kutoka masomoni na kompyuta nyembamba kama biskuti. Wakamwita mama mdogo ofisini. Kampuni ya kamari ilitaka kukodi kituo chote, asubuhi hadi usiku, mipira yenye namba irukeruke kwenye kioo.

"Wala wewe hutapoteza kitu, Dada Namba," Bosi akamwambia kwa furaha. "Wanakutaka! Utasoma namba za washindi. Si ndiyo fani yako, namba?"

"Kamari hiyo ilishalala kwangu, Bosi."

"Ililala?"

"Wiki nzima. Ilipoamka iliondoka na redio ya mume wangu."

Binti wa Bosi alicheka, akajikohoza haraka. "Mama, sina ubaya na wewe," akasema. "Nimekua nikikutazama. Lakini simu haziiti. Tufanye hivi: Jumatatu saa yako ya asubuhi utauza ile sabuni ya unga iliyojaa ghalani. Mimi nitakaa palepale kwenye simu. Zikiita, saa yako inabaki. Zisipoita, mwisho wa mwezi tunawapa wa kamari kituo chote."

Mama mdogo alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa, akavua na kilemba. Ni jambo nililoliona mara chache kama kupatwa kwa jua.

"Ukikosa hapo, kazi si utapata kwingine?" nikamuuliza.

"Wapi? Nani anaajiri mtu anayejua kushika karoti mbele ya kamera isipige kivuli?" Akaupandisha mguu mmoja kochini na kuukanda. "Na sauti yangu je? Watu wameiamini sauti hii mpaka wakanunua mto. Nikiisomea kamari namba, wataiamini vilevile. Redio zao zitakwisha."

Sabuni ilikuwa imeshalala kwake wiki yake. Jumapili akaingia kazini. Baba mdogo alipokuwa dereva, kampuni ilimpa mashati meupe ya mfuko mmoja kifuani: ya mikono mifupi kwa jua, ya mikono mirefu kwa baridi. Mama mdogo akachukua mawili ya mikono mifupi, akayamwagia chai mfukoni yote mawili. Moja akaliweka kando na doa lake. La pili akalifua kwa sabuni ile kama maelekezo yalivyosema: kuloweka, kufikicha, kusuuza. Doa likatoka, lakini halikuaga. Likaacha kivuli chepesi.

"Nitakionyesha hicho kivuli," akasema akianika. "Wakiona nimeonyesha kibaya, watanunua kizuri."

Akaenda kusuka nywele. Baba mdogo, kwa mapenzi mema kabisa, akaanua nguo zote kambani, akazipiga pasi, kisha akazikunja kwa ule ubao wenye mbawa. Hapa ndipo pa kujua sifa ya ubao ule, ambao mama mdogo mwenyewe aliusifu hewani mpaka ukamalizika: hukunja mikono kwa ndani, na kila shati, liwe la mikono mifupi au mirefu, hutoka mraba uleule. Baba mdogo akachukua mraba wa juu, akautia kwenye mfuko wa studio.

Jumatatu asubuhi nilikuwa sebuleni na baba mdogo. Amekaa mkao wa kula, chai mkononi, mkanda wa tumbo kiunoni kwa mazoea. Mama mdogo akatokea na kilemba cha manjano kilichokaribia kutoka nje ya kioo.

"Hamjambo ndugu zangu! Mliolala na mliokesha, mliopona na mnaoendelea kupona." Akaliinua shati lenye doa. "Hili ni la mume wangu. Doa ni la chai. Mkimjua mume wangu, hilo halihitaji ushahidi."

"Ananisingizia mbele ya taifa," baba mdogo akanung'unika huku amechanua.

Mama mdogo akalizamisha shati kwenye beseni, akatia sabuni, akafikicha, akaongea, akalificha chini ya povu. Mkono ukashuka chini ya meza kidogo, kama anayejikuna goti. Kule chini, gizani kwa sababu ya zile taa zilizozimwa, Mzee wa Mvunguni alikwishautoa ule mraba mfukoni, akautosa ulivyokunjwa kwenye ndoo yake ya maji, akamkabidhi.

"Na sasa, tazameni!" akasema mama mdogo, akalirusha shati juu kwa madaha.

Mikono miwili mirefu ikakunjuka. Ikaning'inia. Ikachuruzika maji mezani, chwa, chwa, chwa.

Baba mdogo akaweka kikombe chini. "Mungu wangu," akasema polepole. "Ule mraba wa juu."

Mama mdogo alilitazama lile shati. Mpiga kamera, badala ya kukimbilia picha nyingine, akapigwa na butwaa na kuvuta karibu zaidi. Tuliona kila kitu: mikono, vishikizo, mfuko mweupe pee usio na hata dalili ya kivuli. Mzee wa Mvunguni alinieleza baadaye kwamba kule chini aliona viatu vya mama mdogo vimeganda, na akaanza kumwombea dua aliyowahi kuikariri kwenye igizo la mfalme anayepinduliwa.

Kisha mama mdogo akapasuka. Si kucheka kwa televisheni; ni kule kucheka kwa nyumbani, kwa kushika mbavu, kilemba kikaenda upande.

"Ndugu zangu! Sabuni hii ni kiboko! Imeotesha mikono!"

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono mmoja wa shati, ule mrefu. Halafu akalikunja polepole, akaliweka mezani, na uso wake ukabadilika.

"Sasa nisikilizeni. Chini ya meza hii kuna mtu. Yupo miaka yote. Kila nilichowaonyesha kimeiva haraka, yeye ndiye aliyenipa kingine nilichokwisha kukipika kwa mkono wangu. Nilikuwa nawarukisha muda, na sikuona ubaya. Lakini shati hili halijawahi kuguswa na chai. Halikupita njia yake. Kwa hiyo leo ningewauzia uongo, na nisingejua, kama si hii mikono." Akaugonga ubao wa meza. "Mzee, toka."

Kitambaa kikainuka. Magoti yakalia kama kuni kavu. Mzee wa Mvunguni akasimama kwa awamu, akashika kiuno, akaona kamera, na ufalme wote ukamrudia mwilini. Akainama kwa taifa mpaka chini, akashindwa kuinuka, mama mdogo akamvuta kwa ukosi.

Baba mdogo alikuwa ameshachukua simu. Anabonyeza, na safari hii kifaa ni chake. Sauti yake ikatoka kwenye televisheni kabla sijaelewa anampigia nani.

"Halo? Ni mimi niliyekunja."

"Nani mwenzangu?" akauliza mama mdogo hewani.

"Mumeo."

"We baba! Simu yangu ya mkononi huijui mpaka unipigie huku?"

"Namba yako siikumbuki. Hii ndiyo ninayoikumbuka."

"Punguza sauti ya televisheni, unajirudia."

"Nisamehe, mke wangu. Yalikuwa ya mraba yote."

Nasema kweli, kama kuna mapenzi yaliyowahi kutangazwa hewani yakanitoa machozi, ni hayo. Na simu ile ndiyo iliyofungua lango. Mama mdogo akalitoa shati la kweli kwenye povu, akavuta beseni mbele ya meza, akatangaza kwamba leo muda haurukwi. Maelekezo yanasema kuloweka, tutaloweka. Akaketi. Bosi alikuwa nyuma ya kioo akipunga mikono kama anayezama, maana televisheni inaogopa ukimya kuliko moto. Mama mdogo akamgeuzia kilemba.

Wakaanza kupiga. Mmoja alitaka kujua kama yule ni mume wa kweli au naye ni pacha. Mlinzi mmoja aliyetoka zamu akasema anapaswa kulala lakini halali mpaka doa lijulikane. Mama mmoja aliyelazwa hospitali akaeleza kwamba wodi nzima imegawanyika, nusu wanasema litatoka. Mpokea simu akazidiwa, mpaka Binti wa Bosi akavua mfuko kwenye kiti cha pili, akavaa vipokea sauti, akaanza kuitika mwenyewe. "Ndiyo, shikamoo mzee. Hapana, mzee, bado linalowekwa. Bado. Unataka sabuni? Ah, unataka kuongea tu. Haya, ongea."

Hatimaye mama mdogo akalitoa, akafikicha kwa vifundo vya vidole kama walivyofua mama zetu, akasuuza, akalipeleka mpaka puani mwa kamera.

"Mnaona? Limetoka, lakini limeacha kivuli hapa pembeni ya mfuko. Jana kwangu ilikuwa hivihivi. Ukikaa mbali na watu, hawakioni. Ukitaka jeupe kabisa, nunua shati jipya. Ukitaka liwe la kuvaa tena kazini, nunua sabuni." Na hapo ndipo akaiimba ile namba, taratibu, kama anayembembeleza mtu alale.

Sabuni haikwisha ghalani, msije mkadhani nasimulia miujiza. Ilipungua kiasi cha kuonekana ukuta wa nyuma. Wenye sabuni walipiga simu kwa hasira wakidai kivuli hakikuwa kwenye mkataba, wakaambiwa kwamba kutoa kivuli nako hakukuwa kwenye sabuni. Bosi akatoka jasho jembamba akamgeukia mtu wa mwisho aliyezungumza naye, ambaye bado alikuwa na vipokea sauti kichwani.

"Saa yake inabaki, Baba," Binti akasema.

"Na wa kamari?"

"Wachukue zilizobaki."

"Mpaka lini?" mama mdogo akauliza, akikamua shati.

Binti akanyanyua mabega. "Mama, nikikuambia najua nitakuwa nakuuzia kitu ambacho hakijalala kwangu."

Kwa hiyo sasa ukifungua kituo kile mchana utakuta mipira inaruka na kijana mwenye suti ya kung'aa akipiga kelele za namba. Asubuhi bado kuna mama mdogo. Kitambaa cha meza kimeondolewa, na Mzee wa Mvunguni ana kiti chake juu, pembeni, ambako huzungumza na wateja kwa sauti ya kifalme kuhusu visu vya mboga. Vitunguu huiva kwa muda wake. Kuna asubuhi ambazo simu huita mfululizo, na kuna asubuhi ambazo wote wawili hukaa wakitazama sufuria, na sisi nyumbani tunawatazama wao wakitazama sufuria. Siku hizo baba mdogo huvaa lile shati la mikono mirefu, ambalo amekataa kabisa likunjwe, akapiga simu kuuliza kama vimeiva.

Wiki hii nilipokwenda kuwasalimia nilikuta kitu kipya pembeni ya kochi: kifimbo chembamba chenye miguu mitatu, na juu yake duara la taa na kishikilio cha simu. Binti wa Bosi amemletea. Anataka mama mdogo ajaribu kuuza na huko kwenye simu, kule kwenye mioyo. Nikanyoosha mkono niwashe ile taa.

"Usiguse," akasema baba mdogo. "Hicho bado kinalala."